Bonyeza Moja Kama Umelala Vizuri

Wasomaji watukufu, vueni kofia. Anayekula andazi alimeze kwanza. Aliyesimama akae, na mwenye moyo mwepesi ampe jirani gazeti amsomee. Kwa maana leo, katika sehemu hii ya tisa, kama nilivyoapa wiki iliyopita, mshauri Veronika anaupiga teke mlango wa Mjomba Severini, na nyuma ya mlango huo kuna maiti.

Teke lilipigwa. Mlango ukafunguka. Nyuma yake kulikuwa na kuku.

Kuku huyo alikuwa amelalia mayai kumi na moja na hakutaka wageni. Alimrukia Veronika usoni kwa mabawa na kucha, na mtaalamu wa kliniki ya mjini akaanguka chali kwenye tope la uani. Mlango wenyewe haukuwa umefungwa hata kwa kamba.

"Severini!" akapiga kelele kutoka chini. "Kaka Severini! Uko wapi?"

"Nipo," ikajibu sauti nyuma ya nyumba. "Nipo chooni. Nisubirini kidogo."

Mimi nilijua aliko tangu mwanzo. Sikusema. Msiniulize kwa nini.

Kwa mliofungia vitumbua gazeti la wiki iliyopita, nafupisha. Severini ni kaka wa mama yangu, mkulima wa magimbi na ndizi huku milimani, juu ya Mkuyuni. Tunaishi watatu: yeye, Bibi Bernadeta mama yake, na mimi Judith, mwandishi wenu. Masika ya mwaka jana mlima uliporomoka, ukamfukia rafiki yake Agustino shambani. Mjomba alichimba peke yake. Alimfikia, lakini jembe ndilo lililotangulia kumfikia.

Daktari alisema Agustino alikufa udongo ulipomwangukia, kabla ya jembe. Mjomba hakumsikia daktari. Tangu siku hiyo hajashika jembe, na mvua ikianza kugonga bati hakai ndani.

Kliniki ikamwandikisha kwenye tiba ya ujumbe wa simu. Kila asubuhi simu yake ya kitochi humwandikia: "Habari za asubuhi, Severini. Umelalaje? Bonyeza 1 kama umelala vizuri, mpaka 5 kama hukulala kabisa." Kisha humpa kazi ndogo ya siku hiyo. Siku sitini zimepita, na siku zote sitini mjomba amebonyeza moja.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo ya teke, saa tisa alasiri, mashine ya kliniki ilikuwa inafunga faili lake. Amepona, nafasi apewe mwingine. Ukishafungiwa, kurudi ni mwakani, tena ukiwa na bahati.

Lakini alfajiri ya siku hiyo hiyo, simu ya Veronika ilipokea ujumbe kutoka namba ya mjomba: "Nimechoka. Nisameheni. Msinitafute."

Sasa mnajua kwa nini mwanamke mwenye shahada alikuwa anapigana na kuku.

Mjomba akatokea nyuma ya nyumba na kopo lake la maji mkononi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Veronika alimtazama kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Yupo. Anatembea. Ana kopo.

"Karibu, dada," mjomba akasema. "Karibu sana. Habari za mjini?"

"Nzuri," akajibu Veronika, akiinuka.

Bibi Bernadeta akatoka jikoni akijifuta moshi machoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na kazi?"

"Inaendelea vizuri."

"Na safari?"

"Salama kabisa, bibi."

"Salama?" Halidi, dereva wa bodaboda aliyemleta, alikuwa ameinama akikamua soksi. "Sista, tumeanguka mara tatu! Goti lako linatoka damu, kiatu kimoja kimebaki mtoni, pikipiki yangu haina kioo. Hiyo salama ya wapi?"

"Wewe kabila gani?" Bibi akamuuliza.

"Mnyamwezi, bibi. Mtani wenu. Hivi nyinyi Waluguru mlipanda huku juu mnamkimbia nani?"

"Tuliwakimbia nyinyi. Na bado mmetufikia."

Halidi alicheka. Veronika hakucheka. Alikuwa amesimama na kiatu kimoja, mdomo wazi, kama mwanafunzi aliyeona jibu la hesabu limeandikwa ukutani.

"Nimejibu nini?" akasema taratibu. "Bibi ameniuliza safari, nimejibu nini?"

"Salama kabisa," nikamkumbusha. Mimi ni msaidizi mzuri.

Nikamletea kigoda. Nilimwekea kwenye kona ya ua karibu na banda la mbuzi, penye kivuli. Kumbukeni kuwa kona hiyo ndiyo mahali pekee nyumbani kwetu panaposhika mtandao. Mimi sikukumbuka.

Akakaa. Akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeanza wiki akiwa amechoka tayari.

"Kaka Severini, jana usiku ulilala?"

"Hapana."

"Juzi?"

"Hapana."

"Wiki hii kuna usiku umelala?"

Mjomba akafikiri kwa uaminifu. "Jumanne. Kidogo. Nilikaa kwenye benchi, nikashtuka kumekucha."

"Sasa mbona kila asubuhi unabonyeza moja?"

Mjomba alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto wa watu ambaye hakufunzwa kwao.

"Dada Veronika. Mtu amekusalimu asubuhi. Amekutaja kwa jina. Wewe umjibu tano?"

"Ndiyo!"

"Hapana, dada. Mtu akikuuliza umeamkaje, umeamka salama. Hata kama kuna msiba ndani. Unasema salama kwanza, halafu unasema ila tumefiwa. Mimi nilikuwa nasubiri uniulize mara ya pili."

"Mara ya pili?"

"Ile simu haiulizi mara ya pili. Nikibonyeza moja inaniambia asante, uwe na siku njema. Nikasema basi, watu wa mjini hawana nafasi. Nisiwachoshe."

"Hata mimi nilimwambia abonyeze moja," Bibi akadakia. "Watu wanajisumbua kukusalimu kila siku, bure, halafu uwatupie matatizo asubuhi asubuhi? Hatukumlea hivyo."

"Na zile kazi?" Veronika akauliza. Sauti yake ilikuwa imeanza kushuka. "Nilikwambia uliangalie jembe dakika tano. Ukajibu umefanya. Nilikwambia ulishike mpini. Ukajibu umefanya."

"Uliniandikia tafadhali," mjomba akasema.

Jembe lilikuwa pale pale, limening'inia chini ya paa, limefungwa gunia na kamba ya katani mizunguko minane. Hakuna aliyelifungua tangu masika ya mwaka jana. Magimbi yetu anayalima mtu wa kibarua, na jembe huja nalo mwenyewe.

Veronika akaweka uso kwenye viganja. Mabega yake yalitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko kisicho na sauti cha mtu aliyekosa nguvu za kulia.

"Nina watu themanini na watatu kwenye hii simu," akasema. "Themanini na watatu. Sasa sijui wangapi wamepona, na wangapi wana adabu."

Mbuzi alikohoa.

Kisha Veronika akainua kichwa, akajifuta tope kwenye shavu, akalipaka shavu la pili.

"Kaka Severini. Umeamkaje?"

"Salama."

Veronika hakusema asante. Hakumtakia siku njema. Alikaa tu, mikono magotini, akingoja.

Dakika ilipita. Halidi alitaka kusema neno, Bibi akamkanyaga mguu.

"Salama," mjomba akarudia. "Ila mvua ikianza kwenye bati, nasikia jembe. Ule mlio wake. Jembe likigonga jiwe lina mlio wake, likigonga mtu lina mlio mwingine. Basi natoka, nasimama kwenye migomba mpaka mvua ikatike. Huko majani yanapiga kelele, nasikia majani. Asubuhi nabadili shati, nabonyeza moja. Kutoka huko ni mwaka mzima sasa. Siumwi mahali, dada. Nimechoka tu. Hata kuchoka kwenyewe kumenichosha."

Nilitaka kuweka mzaha hapa. Nimeutafuta tangu Jumatatu. Haukupatikana.

Veronika akatazama saa yake. Saa nane na dakika ishirini. Akasimama ghafla kana kwamba kigoda kimemchoma.

"Tuna dakika arobaini! Mashine inafunga faili saa tisa kamili. Nikipiga simu ofisini watasema wanafuata majibu ya mgonjwa. Lakini siku inapofungwa, mashine humuuliza mgonjwa mara ya mwisho. Ukibonyeza tano kutoka namba yako, haifungi. Tano moja tu. Nipe simu yako, kaka."

"Simu?" mjomba akasema. "Simu imepotea tangu jana mchana."

"Imepotea?"

"Niliiacha kwenye kiti nikaenda kumpa mbuzi majani. Nikarudi, hakuna."

Veronika alisimama kama nguzo ya umeme, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila.

"Simu imepotea jana mchana. Sasa leo alfajiri nani ameniandikia?"

"Nani amekuandikia nini?"

Akatoa simu yake, akasoma kwa sauti. "Nimechoka. Nisameheni. Msinitafute."

Bibi Bernadeta akashika mdomo kwa mikono miwili. Mjomba alikuwa amegeuka rangi, akitazama ile simu kama inayomtazama yeye.

"Si mimi," akasema mwishowe. "Mimi siwezi kumwandikia mtu bila kumsalimu."

"Oya, hilo jini," Halidi akasema, akirudi nyuma kuelekea pikipiki yake.

"Jini halina vocha," Veronika akasema.

Akabonyeza namba ya mjomba. Akaiweka simu sikioni.

Wasomaji, mimi nilikuwa nimesimama kando yake. Nilikuwa nimemletea kikombe cha chai, kwa kuwa nimelelewa vizuri. Nilikuwa nimesimama kwenye ile kona.

Jogoo akawika ndani ya sketi yangu.

Nikakohoa. Nilikohoa kwa ufundi mkubwa, kikohozi cha mtu anayestahili kupelekwa zahanati. Jogoo akawika tena, kwa sauti zaidi. Mjomba aliuchagua mlio huo mwenyewe dukani ili asikose kuusikia akiwa shambani.

"Judith," Bibi akasema polepole. "Unafuga nini humo?"

Basi. Nimekamatwa.

Wasomaji watukufu, nimewadanganya. Wiki iliyopita nilipoandika kwamba ujumbe ule "ulitoka kwenye namba ya mjomba", nilichagua maneno yangu kama wakili. Ulitoka kwenye namba yake. Vidole vilikuwa vyangu.

Nikaingiza mkono kiunoni, nikatoa simu, nikaiweka kwenye kigoda mbele ya Veronika.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi. Shikamoo."

Hakuitikia. Katika maisha yangu yote hakuna shikamoo yangu iliyowahi kuachwa hewani. Inauma, kama hamjui.

"Jana simu iliandika hongera," nikasema, na nilisema haraka kwa sababu nilijua nikitulia sitasema. "Hongera Severini, umefika mwisho wa mpango, kesho tunafunga faili lako. Nikasoma. Nikasema lakini huyu mtu halali. Chumba chake na changu vimetengwa na ukuta wa udongo. Kila akitoka, naamka. Akirudi, naamka. Nikabonyeza tano. Ikasema jibu lako la leo limeshapokelewa, asante. Nikabonyeza tano tena. Asante. Nikaandika kwa maneno, huyu mtu halali. Asante, uwe na siku njema. Mashine haisikii tano ikishapewa moja. Nikatafuta namba yako ya dharura. Nikatafuta neno ambalo mtu angelipandia pikipiki."

"Ukalipata," Veronika akasema.

"Nililipata."

"Unajua leo nimemwacha nani?"

Nilitamani angefoka. Shuleni wanafoka, nimezoea, kufokewa ni kama mvua, unasubiri inaisha. Yeye alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayesoma orodha ya mizigo.

"Kuna mama mmoja wa Kingolwira. Miezi minne anajibu ujumbe wangu, lakini hataki nimwone uso. Miezi minne namwomba. Leo saa tatu ilikuwa siku yake ya kwanza kuja. Amepanda gari, amefika, amekuta mlango umefungwa na karatasi. Nilipoandika ile karatasi nilikuwa nalia, kwa sababu nilidhani kaka wa mama yako amekufa. Huyo mama sijui kama atakuja tena."

"Samahani, dada."

"Usiniombe mimi."

Nikamsogezea kile kikombe cha chai badala ya neno. Mnanijua. Mnajua jinsi nisivyowahi kukosa maneno.

"Saa nane na dakika arobaini na mbili, sista," Halidi akasema kutoka kwenye pikipiki yake, kwa upole ambao sikuutarajia kwake.

Veronika akaiokota simu, akampa mjomba. Swali la mwisho lilikuwa limeshaingia tangu asubuhi, limekaa humo bila kujibiwa, kwa kuwa tangu alfajiri sikuthubutu kuiangalia simu tena: "Habari za asubuhi, Severini. Umelalaje?"

"Bonyeza," akasema.

Mjomba alisimama na kidole hewani. Ilikuwa kazi ngumu kwake, naapa. Niliona jasho. Mtu amemsalimu kwa jina lake, tena kwa mara ya mwisho, naye anatakiwa amjibu vibaya.

"Mama?" akasema, akimgeukia Bibi.

Bibi Bernadeta alifikiri. Akatazama lile gunia chini ya paa, na kamba yake mizunguko minane. Akatazama shati la mwanawe lililofungwa mpaka shingoni, kwa sababu siku hizi hata joto halisikii.

"Bonyeza, baba," akasema. "Mungu atatusamehe."

Akabonyeza tano.

Simu ikakaa kimya kidogo. Kisha ikaandika: "Pole sana, Severini. Faili lako halitafungwa. Mshauri wako atapata taarifa sasa hivi." Na kweli, simu ya Veronika ikalia mkononi mwake, hatua moja kutoka kwa mjomba: "Haraka. Mgonjwa Severini amejibu 5. Wasiliana naye."

"Nimewasiliana naye," Veronika akaiambia simu yake. Akakaa chini, si kwenye kigoda, kwenye tope lenyewe, kama mtu aliyefika mwisho wa barabara.

Bibi akaenda kuongeza maji ya chai. Halidi akaanza kunikejeli, akaniita mwandishi wa jini. Nilianza kuvuta pumzi. Nikajiambia, Judith, umepona na hii nayo, utachimba choo kipya kama adhabu, maisha yataendelea.

Mjomba hakuwa amekaa. Alikuwa bado na simu. Kidole chake kilikuwa kinashuka polepole kwenye vitufe, akifungua ujumbe uliotumwa. Akaukuta. Akausoma kimya, midomo ikitembea. Akausoma tena.

"Judith."

"Naam, mjomba."

Nilipiga magoti bila kuambiwa. Nilingoja kofi, na lingekuwa la haki. Nimechukua jina la mtu mzima nikamuua nalo.

"Haya maneno," akasema. "Ulijuaje?"

Sikuelewa. Veronika alielewa kabla yangu. Niliona mgongo wake ukinyooka.

"Nimekaa nayo tangu Kwaresima," mjomba akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza njia. "Haya haya. Nimechoka, nisameheni, msinitafute. Sikumwambia mama. Padri sikumwambia. Nilikuwa nayapanga kichwani kule kwenye migomba, nikaona yapo sawa, yamebaki kuandikwa tu. Nilikuwa nasubiri magimbi yavunwe mama asipate shida. Sasa wewe nani alikwambia?"

Kikombe kilianguka jikoni. Bibi alikuwa amesikia.

"Halidi," Veronika akasema bila kugeuka, "toa ufunguo kwenye hiyo pikipiki. Leo siondoki hapa." Na akasogea kwa magoti kwenye tope mpaka alipokuwa mjomba, akamshika mkono wenye simu.

Shuleni nimesimamishwa wiki tatu kwa kuandika barua ya mkuu wa shule inayotangaza likizo. Sahihi ilikuwa kamili, muhuri niliuchonga kwa kiazi, mabweni mawili yalishafungasha mabegi. Nimeghushi vyeti vya daktari, nimeghushi barua za mapenzi za mwalimu wa zamu. Zote ziligunduliwa, na zote nilijivunia. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba niliyoiandika ilikuwa ya kweli.

Mjomba alikuwa bado ananitazama, anangoja jibu.

"Sikujua, mjomba," nikasema. "Nilitunga."